Homa Isiyo na Jina: KEMRI, Kibera na Kawangware

Kwenye Barabara ya Mbagathi, hatua chache kutoka Soko la Kenyatta ambako moshi wa nyama choma na sauti za wasusi havikomi, ndiko yaliko makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, KEMRI. Jirani yake ni Hospitali ya Mbagathi, ambayo wazee wa Nairobi bado wanaiita IDH, kwa kuwa ilianza kama hospitali ya magonjwa ya kuambukiza. Ukizipita nyumba za Golf Course, unayaona mabati ya Kibera. Mtu mwenye miguu mizima hutembea kutoka lango la taasisi hadi Makina, ndani ya Kibera, bila kumaliza saa nzima. Lakini taasisi yenyewe, ukiihesabu pamoja na maabara zilizoitangulia, ilichukua karibu miaka 100 kuumaliza mwendo huo.

Nilikulia Kawangware, si mbali na kituo cha matatu za namba 46. Ploti yetu ilikuwa na mbwa mmoja asiye na mwenyewe, tukimwita Simba, na kazi yetu watoto ilikuwa kumtoa kupe masikioni. Tuliwang'oa kwa kucha, tukawaweka juu ya jiwe, tukawaponda kwa jiwe jingine. Damu ikiruka, mtu alijipangusia kaptulani. Mmoja wetu akishikwa na homa alipelekwa duka la dawa la pale kona. Muuzaji hakuuliza habari za mbwa. Aliweka kiganja kwenye paji la uso, akasema, "Malaria hiyo, mama," akafunga vidonge kwenye karatasi. Homa ikiisha, malaria imepona. Isipoisha, malaria imekuwa sugu.

Sasa, Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mbu wa malaria hapatani na baridi yake. Wengi wanaokutwa na vimelea vya malaria mjini huwa wametoka safari ya Ziwa au ya Pwani. Sisi hatukuwa tumekwenda popote. Zile homa zilikuwa nini? Ukiisoma historia ya KEMRI ukiwa umesimama Kibera au Kawangware, utaiona kuwa historia ya swali hilo moja.

Bazaari iliyochomwa

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kambi ya reli. Haikupita miaka mitatu tauni ikabisha hodi. Mwaka 1902 ugonjwa ulizuka kwenye bazaari ya Wahindi, na jibu la serikali likawa kibiriti: bazaari ikateketezwa. Kufikia wakati huo Mfaransa Paul-Louis Simond alikuwa amekwisha kueleza, tangu 1898 akiwa Karachi, kwamba tauni humtoka panya na kumfikia mtu kwa kuumwa na kiroboto. Wakubwa wa udaktari hawakumwamini upesi. Na hata wangemwamini, panya hakai ndani ya nyumba inayoungua akasubiri kufa. Hukimbilia ya jirani, na viroboto wake wamo manyoyani.

Tauni iliendelea kurudi. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa kutoka Uingereza kukagua usafi wa miji ya Afrika Mashariki, na ripoti yake ikapendekeza Nairobi igawanywe kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Kiroboto akawa sababu ya kuchora ramani.

Kibera nayo ilikuwa imeanza. Askari wa Kinubi wa King's African Rifles waliruhusiwa kukaa ukingoni mwa mji tangu 1904, na mwaka 1918 eneo la ekari 4,197 likatangazwa rasmi kuwa hifadhi ya jeshi. Kwa Kinubi, kibra ni msitu. Wanubi walipewa mahali pa kukaa, hawakupewa hati. Asiye na hati hajengi kwa mawe, maana hajui ataondolewa lini. Hujenga kwa fito, udongo na bati. Ukuta wa udongo ukipasuka, panya anapata chumba, na panya akipata chumba, kiroboto naye amepata.

Miaka hiyohiyo, wenye darubini walikuwa wanapata habari ambazo wapagazi wa misafara walikuwa nazo zamani. Neno "papasi" lilikuwamo katika Kiswahili kabla ya maabara yoyote kujengwa: kupe laini ajifichaye kwenye nyufa za sakafu ya udongo, anayetoka usiku kunyonya na kurudi shimoni kabla hakujapambazuka. Msafiri aliyeijua njia hakulala kwenye kibanda kikuukuu. Mwaka 1904, Philip Ross na Arthur Milne, wakiwa Uganda, waliona vijidudu vilivyojisokota kama skrubu katika damu ya wagonjwa wa homa ya papasi. Mwaka uliofuata Joseph Dutton na John Todd wakaonyesha jambo hilohilo mashariki ya Kongo. Dutton alishikwa na ugonjwa aliokuwa akiuchunguza na akafia Kasongo Februari 1905. Robert Koch naye alikuja upande wa Tanganyika, akaonyesha kwamba papasi jike huwarithisha watoto wake vijidudu hivyo kupitia mayai.

Kijidudu cha homa ile kilipata jina la kitaalamu kwa heshima ya Dutton. Wapagazi waliokuwa wakiiugua hawakupata hata daftari la kuandikiwa.

Ng'ombe na kondoo walitangulia

Kutoka Kawangware ukipita Kangemi unafika Kabete, kwenye maabara za mifugo za serikali zilizoanza mapema katika karne ya 20. Nilipokuwa mtoto tulijua tu kwamba huko kuna "mashamba ya serikali" na ng'ombe wanene. Kumbe mambo makubwa ya kupe yalifanyiwa pale.

Mwaka 1910 kondoo na mbuzi waliozunguka Nairobi walianza kufa kwa kuhara damu na homa kali. Daktari wa mifugo Eustace Montgomery aliufuatilia ugonjwa huo na mwaka 1917 akachapisha matokeo: unaletwa na kupe. Ukaitwa ugonjwa wa kondoo wa Nairobi. Mwaka 1931 Robert Daubney na J. R. Hudson, wakiwa Kabete, walieleza kwa kina jinsi kupe wa kahawia wa sikio anavyoubeba. Jina hilo halikuishia kwa kondoo. Wataalamu walipokuja kuvipanga virusi katika koo zao, ukoo mzima uliitwa Nairoviridae kwa sababu ya mji wetu, na ndani yake kimo pia kirusi cha homa ya Crimea-Congo, kinachoua watu kuanzia Afrika hadi Asia.

Mwaka 1960, katika Msitu wa Thogoto karibu na Kikuyu, upande ule Dagoretti inakoishia, watafiti walikusanya kupe na kupata kirusi kipya. Kikaitwa Thogoto. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mkulima wa jimbo la Kansas, Marekani, alifariki baada ya kuumwa na kupe, na kirusi kilichopatikana kwake, Bourbon, kikaonekana kuwa cha jamii hiyohiyo ya Thogoto. Mganga wa Kansas akifungua kitabu chake, anakutana na jina la kijiji cha Wakikuyu.

Kwa ng'ombe kazi ilienda mbali zaidi. Ndigana kali, ambayo kwa makadirio huua zaidi ya ng'ombe milioni moja kila mwaka katika kanda yetu, ilitafutiwa kinga pale Muguga, kwenye kituo cha utafiti cha Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1970 watafiti walibuni njia ya kumdunga ng'ombe vimelea vilivyotoka kwa kupe na papo hapo kumpa dawa ya antibiotiki ya kudumu mwilini, ili augue kidogo, apone, asiugue tena. Mwaka 1973 ikaanzishwa maabara ya kimataifa ya magonjwa ya mifugo, ambayo mwaka 1994 iliunganishwa na nyingine ikawa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo. Lango lake liko Barabara ya Naivasha, barabara ileile inayokatiza Kawangware.

Simlaumu mtu kwa kumtibu ng'ombe. Ng'ombe ni karo, ni mahari, ni maziwa ya mtoto. Lakini ukiweka miaka kwenye mstari utaona jambo: kufikia mwaka ambao ndama wa Muguga alikuwa na kinga dhidi ya kupe, mtoto wa Kawangware mwenye homa alikuwa bado anapimwa kwa kiganja.

Taasisi inazaliwa

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mashirika ya utafiti yaliyokuwa ya nchi tatu yalibaki kama watoto wa ndoa iliyokufa. Kila nchi ilijitafutia. Kenya ilipitisha sheria mwaka 1979, na KEMRI ikazaliwa kuwa chombo cha taifa cha utafiti wa afya ya binadamu. Japani ilisaidia kujenga maabara za Mbagathi. Ushirikiano na CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ulianza mwaka huohuo, na mwaka 1989 ukafuata ule wa Wellcome wa Uingereza pale Kilifi.

Sifa za miaka ya mwanzo zilitoka mbali na makao makuu: malaria ya Kilifi, malaria na UKIMWI wa Kisumu na Siaya, kichocho cha Machakos. Ilikuwa haki, maana huko ndiko watoto walikokuwa wakifa zaidi. Utafiti wa Afrika kwa ujumla ulikuwa na mazoea ya kwenda kijijini. Kijiji kina mipaka, kina chifu, na watu wake hawahami kila mwezi. Mtaa wa mabanda ulionekana kama mchanga wa mtoni: umeuhesabu leo, kesho umekwisha kuhama.

Wadudu hawakungoja. Mwaka 1990 tauni ilirudi upande wa Embakasi, ndani ya mji mkuu, miaka 88 baada ya bazaari kuchomwa.

Hodi, mlango kwa mlango

Mwanzo wa kazi ya Kibera unamhusu muuguzi mmoja zaidi ya mwanasayansi yeyote. Tabitha Atieno Festo, mjane aliyeishi Kibera, alipewa dola 26 mwaka 2000 na mwanafunzi wa Kimarekani, Rye Barcott. Tabitha aliuza mboga, akazungusha pesa, na mwaka 2001 akafungua zahanati nyumbani kwake. Shirika la Carolina for Kibera, lililoanzishwa mwaka huo na Barcott, Tabitha na Salim Mohamed, likaikuza. Tabitha alifariki mwaka 2004. Kliniki ikabaki na jina lake.

Kati ya mwaka 2005 na 2006, KEMRI na CDC walichagua mahali pawili pa kufuatilia magonjwa ya kuambukiza: Asembo, kule Siaya kando ya Ziwa, na Kibera, katika vijiji vya Gatwekera na Soweto. Kwa upande wa Kibera, Kliniki ya Tabitha ndiyo ikawa kitovu. Watu wapatao 28,000 waliandikishwa. Aliyeugua alitibiwa bure pale, na kutoka kwa aliyekubali zilichukuliwa damu na sampuli nyingine za kupelekwa maabara.

Kazi yenyewe haikuwa ya mikutano na hotuba. Kila wiki mbili mhudumu, mara nyingi kijana wa papo hapo, aliinama chini ya kamba za nguo, akaruka mtaro, akasimama mlangoni akiwa na kompyuta ndogo ya mkononi.

"Hodi hapa."

"Karibu, daktari."

"Mimi si daktari, mama, ni yule wa KEMRI. Mmeshindaje? Tangu nilipopita, kuna aliyepata homa? Kikohozi? Kuhara?"

"Huyu mdogo alikuwa moto juzi."

"Siku ngapi? Mlimpeleka wapi? Alipewa dawa gani?"

Maswali yaleyale, nyumba ileile, kila wiki mbili, mwaka hadi mwaka. Ni kazi isiyopigwa picha. Lakini iligundua kitu ambacho daftari la hospitali halikuweza kukijua, yaani wagonjwa wasiofika hospitali. Wengi walikuwa wameishia dukani, kwa jirani, au kitandani. Na kwa mara ya kwanza palikuwa na idadi ya watu wa kugawanyia idadi ya wagonjwa. Kibera ilikuwa imezoea kutajwa kwa tarakimu za kukisia, watu milioni moja, wengine wakasema zaidi, hadi sensa ya 2009 ilipohesabu takriban 170,000. Kuvimbisha hesabu kunaweza kuonekana ni huruma, ila hakumsaidii mgonjwa. Asiyehesabiwa sawasawa hapangiwi dawa sawasawa.

Majibu yalikuja. Homa ya matumbo, ambayo wengi waliidhania kuwa mzigo wa Asia, ilionekana kuwa kubwa Kibera: baada ya kurekebisha hesabu, wagonjwa 822 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Asembo, na walioumia zaidi ni watoto wadogo. Miaka mingi baadaye, ilipokuja korona, daftari lilelile la mlango kwa mlango ndilo lililotumiwa kupima kingamwili, ikaonekana kwamba mwishoni mwa 2020 zaidi ya watu 4 kati ya 10 wa Kibera walikuwa wamekwisha kuambukizwa.

Hata hivyo, baada ya kutoa malaria, homa ya matumbo, mafua na kichomi, zilibaki homa nyingine kwenye daftari. Hizo ndizo zilizowapeleka watafiti kwa wanyama.

Panya wa Kibera

Mwaka 2008 watafiti waliwatega panya wa Kibera. Kazi ya namna hii ina utaratibu wake. Jioni unaomba ruhusa ya mwenye nyumba, unaweka kisanduku cha bati chini ya kitanda au nyuma ya magunia ya makaa, ndani yake umetia chambo. Usiku wenye nyumba wanasikia mlango wa bati ukijifunga, tap! Asubuhi kisanduku kinachukuliwa kikiwa kizito kidogo. Mnyama akishapewa dawa ya usingizi, huchanwa kwa kitana chembamba juu ya beseni jeupe lenye maji. Viroboto huanguka kama pilipili manga iliyosagwa, halafu pilipili ile inaanza kuruka. Hapo unahitaji koleo dogo, macho makali na subira.

Waliokamatwa wengi hawakuwa wale buku wa mtaroni ambao watu huwaogopa. Walikuwa panya wadogo wa nyumbani, wale wanaotafuna unga. Kati ya wanyama 224 waliopimwa figo, 41 walikuwa na bakteria wa leptospira, ambao hutoka kwa mkojo wa panya na kuingia mwilini kupitia maji machafu na michubuko. Watanzania waliuita ugonjwa huo homa ya mgunda ulipozuka Lindi mwaka 2022, baada ya siku kadhaa za kuitwa "ugonjwa usiojulikana". Nafikiri siku zile kadhaa zinaeleza yote. Watu walitulia kidogo ugonjwa ulipopata jina, maana jina huja na dawa yake.

Leptospira haihitaji kiroboto. Lakini kikundi hichohicho cha watafiti, wakishirikiana na mtaalamu wa wanyama Bernard Agwanda wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichunguza pia Bartonella, bakteria wanaokaa ndani ya chembe za damu na kuhamishwa na viroboto na wadudu wengine wanyonyao. Mwaka 2015 walichapisha picha ya bakteria hao katika wanyama wadogo wa kijijini na wa mjini, Asembo na Kibera zikiwa bega kwa bega.

Jibu kubwa la viroboto lilitoka Asembo, kwa ndugu pacha wa mradi wa Kibera. Alice Maina na wenzake walipima damu za wagonjwa wa homa waliofika kliniki kati ya 2007 na 2010, wakakuta kwamba takriban asilimia 7 walikuwa na Rickettsia felis, kijidudu cha kiroboto wa paka. Kisha wakachukua viroboto wenyewe kutoka kwenye nyumba za watu, wakapata aina nyingine isiyojulikana. Mwaka 2016 ilitambuliwa rasmi kwa jina la Rickettsia asembonensis. Tangu hapo imekutwa kwenye viroboto wa nchi nyingi, kuanzia Asia hadi Amerika Kusini. Kwa kiasi gani huwadhuru watu bado ni swali la kazi. Lakini mtafiti wa Lima au wa Bangkok anapoliandika jina hilo, anaandika Asembo.

Kirusi kiitwacho Kupe

Kawangware, kwa upande wake, haijasahau mifugo. Mbuzi hupanda juu ya lundo la takataka kama mlimani, ng'ombe wa Waithaka na Uthiru wanakula majani yaliyokatwa kando ya barabara, na mbele kidogo ni Dagoretti yenye machinjio yanayolisha nusu ya bucha tunazozijua. Anayetaka kujua kupe gani wanaingia Nairobi hahitaji kwenda Mandera. Asubiri machinjioni, kupe wataletwa kwa lori.

Ndivyo walivyofanya Rosemary Sang na wenzake wa KEMRI. Walikwenda kwenye machinjio ya Nairobi wakawatoa kupe kwenye ng'ombe, kondoo na mbuzi waliotoka pande zote za nchi na ng'ambo ya mipaka. Zaidi ya nusu walikuwa kupe wa pundamilia, wenye mgongo wa michirizi myeupe. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2006, yaliorodhesha virusi vilivyotengwa: Dugbe, Dhori, Ngari, Thogoto, Barur. Vingine havikuwa na jina. Vilikuwa vya ukoo wa Nairobi, ndugu wa Dugbe, lakini vyenyewe.

Mwaka 2009 vilipewa jina: kirusi cha Kupe. Kwa Kiswahili. Halikuchukuliwa jina la mzungu aliyepita wala mto wa mbali. Lilichukuliwa neno ambalo mchinjaji mwenyewe angelitamka akimng'oa mdudu kwenye ngozi.

Nilipolisoma jina hilo mara ya kwanza nilimkumbuka Simba na lile jiwe letu.

Deni

Taasisi inapoadhimishwa, desturi ni kusoma orodha ya mafanikio na kuketi. KEMRI ina orodha ndefu, na sehemu yake nimeisoma. Kwa heshima ya kazi yenyewe, nitaje na deni.

Nairobi imeupa ukoo mzima wa virusi jina lake. Thogoto, Asembo na neno "kupe" vimo kwenye vitabu vya dunia. Mdudu amepata jina, mgonjwa bado. Ingia leo kwenye vyumba vingi vya matibabu vya Kibera au Kawangware ukiwa na homa ya siku tano. Utapimwa malaria, utapimwa homa ya matumbo, kisha utaambiwa ni "infeksheni". Kipimo cha riketsia, jamii ya vijidudu vile vya Asembo, hakipo pale. Kipo kwenye maabara za utafiti, kimehifadhiwa vizuri kwenye friza, safari ya matatu moja tu.

Na dawa si ghali. Homa nyingi za riketsia, zile za kupe na zile za viroboto, husikia doksisaiklini, dawa ya zamani iliyo katika karibu kila duka. Dawa za malaria hazifui dafu kwa homa hizo, na penisilini na jamaa zake hazimsaidii mgonjwa wake. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kununua dawa tatu zisizofaa akiwa amesimama mbele ya rafu yenye dawa inayofaa, kwa kukosa swali moja.

Swali lenyewe halihitaji friza. Je, kuna kidonda kidogo chenye kigaga cheusi mahali ulipoumwa, kwapani, nyuma ya goti, kwenye nywele? Kuna vipele? Nyumbani mna mbwa, mna paka? Panya mnao, na je, wamekufa hivi karibuni bila kuwekewa sumu? Ulikwenda kuchunga, ulishinda machinjioni? Kwa tauni, lile swali la panya waliokufa ni la zamani kama tauni yenyewe. Kwa homa ya kupe, kigaga cheusi kinaweza kumwambia mganga mwenye macho kile ambacho maabara itathibitisha baada ya wiki.

Liko pia deni la nyumba. Daftari la miaka mingi limeonyesha homa zinakaa wapi, na zinakaa penye nyufa, mtaro usiofunikwa, takataka zisizozolewa na wapangaji wasio na hati. Simpson aliyaona hayo mwaka 1913 akapendekeza watu watenganishwe. Watafiti wa leo wameyaona hayohayo, na njia yao imekuwa kugonga mlango badala ya kuuchoma. Hiyo ndiyo tofauti ninayoiadhimisha. Lakini hodi nayo ikirudiwa kwa miaka mingi bila mtaro kufunikwa, mwenye nyumba atafika mahali ataitikia kwa kuchoka.

Juzi nilipita Kawangware. Ploti yetu sasa ni ghorofa tano, duka la pale kona limebadilisha wenyewe mara tatu na lina bango la taa. Mama mmoja alikuwa ameegemea kaunta, mtoto mgongoni, kichwa cha mtoto kimelegea. Msichana wa dukani alitoa kipimo cha malaria, akamchoma mtoto kidole, akasubiri dakika zake. Mstari mmoja tu ukatokea.

"Si malaria, mama," akasema.

Kiganja kimekwisha kupata mbadala, nikawaza. Hiyo nayo ni hatua. Mama akauliza, "Sasa ni nini?"

Msichana akatazama rafu, kisha akamtazama mtoto. Chini ya ngazi za lile duka alikuwa amelala mbwa, anajikuna sikio kwa mguu wa nyuma.